Gari ya mtoto inaenda kidogo alafu inazima, na betri ni mpya. Shida iko wapi?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Kayole. Ana magari manne ya watoto, yale ya betri ya kukalia, anakodisha Jumamosi na Jumapili kwa uwanja karibu na kwao. Moja, jeep nyekundu ya volti 12 yenye mota mbili, ilikuwa inabeba mtoto vizuri dakika tano sita hivi alafu inazima ghafla, wakiiacha kidogo inaamka yenyewe. Betri ameshabadilisha mara mbili mwaka huu. Fundi wa mwisho alifungua chini ya kiti akatoa "kikitu kidogo cheusi" kwa waya ya betri, akaunganisha waya moja kwa moja. Sasa gari haizimi, lakini kuna harufu ya plastiki ikiungua na pale mtoto anakanyaga panapata moto. Anauliza anunue betri ya tatu ama abadilishe waya zote.

Mama, kwanza kabisa hiyo jeep usiitoe wikendi hii. Nenda uchomoe betri saa hii hata kabla hujamaliza kusoma, uiweke kando, alafu tuongee.

Hicho kikitu cheusi kilikuwa na kazi. Ndani yake kuna kibati ambacho stima ikizidi kinapata joto, kinapinda, kinaachana, gari inazima. Kikipoa kinarudi mahali pake na gari inaamka, ndo maana ulikuwa unaona inajifufua yenyewe bila mtu kuigusa. Kwa hivyo kile ulikuwa unaita ugonjwa ilikuwa ni ile gari inakuambia kuna stima nyingi inapita hapa kuliko inavyofaa. Fundi akamfukuza soja juu anapiga kelele usiku. Mwizi bado yuko ndani ya ploti.

Na sitaki kukutisha bure lakini hii lazima uijue. Betri ya volti 12 ya ampea saa 7, ile ndogo inafanana na ya alamu, ncha mbili zikigusana inaweza kusukuma zaidi ya ampea 100 kwa sekunde chache. Waya za kiwanda kwa hizi gari ni nyembamba sana. Ukipitisha hiyo stima hapo waya inageuka koili ya kuchemsha maji, na iko chini ya kiti cha mtoto, imezungukwa na plastiki. Nimefungua jeep moja kama yako hapa kwa benchi yangu, waya mbili zilikuwa zimeyeyuka zikashikana kama ugali uliosahaulika kwa sufuria, na mwenyewe alikuwa ameileta akisema tu "siku hizi imekuwa mzito kidogo".

Kwa hivyo kitu cha kwanza kununua ni fyuzi. Enda Kirinyaga Road kwa maduka ya spea za magari, uliza fyuzi ya gari ile ya miguu miwili bapa pamoja na nyumba yake yenye waya nene. Inakaa kwa waya nyekundu, karibu na betri kabisa, isizidi shubiri moja. Kwa waya nyembamba zilizo kwa gari sai weka ya ampea 15, na ikikatika usiweke kubwa, acha gari ikae mpaka tubadilishe waya. Ukishaweka waya nene unaweza kupanda mpaka 25 ama 30. Na kile kikitu cheusi kama fundi hakuenda nacho kirudishe pia. Fyuzi inalinda waya zisichome gari, kile cheusi kinalinda mota siku mtoto amegonga ukuta na bado amekanyaga, viwili havigombani.

Sasa tuje kwa swali lako, betri ama waya. Kwa maneno yako peke yake tayari mimi naegemea waya, na nitakuambia kwa nini: umesema mahali pa kukanyaga panapata moto. Kuna aina mbili za hizi gari. Zile za rimoti zina bodi ya elektroniki, na kwa hizo pedali inatuma tu ujumbe mdogo kwa bodi, stima yenyewe ya mota haipiti pale, haiwezi kupata moto. Yako inapata moto, kumaanisha stima yote ya mota mbili inapitia hiyo swichi ndogo ya mguuni. Kila mtoto akikanyaga na kuachilia kuna cheche ndogo ndani. Fanya hesabu ya Jumapili moja, watoto wangapi, kila mmoja anakanyaga na kuachilia mara ngapi, hiyo swichi imechomwa maelfu ya mara. Ukiifungua utaona vile vibati vya kugusana, vilivyokuwa vinang'aa, vimekuwa vyeusi na vina mashimo kama ya kutobolewa na sindano. Stima ikipita hapo inasukumana, inapata joto, joto linaharibu zaidi.

Lakini usinibebe kwa maneno, pima. Multimita, kile kifaa cha kupima stima, ya bei ya chini ya Luthuli inatosha kabisa, hauhitaji ya maana. Weka kwa volti za DC, ile ya 20, na hautabadilisha tena hapo.

Pima betri ikiwa imechajiwa na imepumzika saa chache bila kuguswa. Inafaa isome 12.7 ama zaidi kidogo. Ikisoma 12.0 imekwisha chaji, na kama imetoka kwa chaja usiku huo huo na inasoma hivyo, basi betri imeshakufa ama chaja ndio haifanyi kazi. Hiyo ndio kipimo kila fundi anajua na wengi wanaishia hapo, na ndo maana unauziwa betri. Betri mbovu inaweza kusoma 12.6 vizuri ikiwa imelala, ukiipa kazi inaanguka.

Kwa hivyo kipimo chenye maana ni cha gari ikiwa inafanya kazi. Rudisha betri kwa hii dakika moja tu fyuzi ikiwa tayari iko, weka mtoto, ama jerikeni ya lita 20 ya maji kwa kiti, hiyo ni kilo 20 kamili, mtu mmoja akanyage pedali kwa mkono akitembea kando, mwingine ashike nyaya za multimita kwa betri. Namba ikikaa 11.5 kwenda juu betri ni nzima. Ikicheza 11 bado inavumilika. Ikishuka chini ya 10.5 hapo ndo unaweza kulaumu betri, ama mota inakula stima kupita kiasi. Sasa hamisha nyaya za multimita mpaka kwa miguu ya mota yenyewe, urudie vile vile. Tofauti ya hizo namba mbili ni stima inayopotea njiani. Kama betri inasema 11.8 na mota inaona 9.5, volti 2.3 zimegeuka joto mahali fulani kati ya hapo, na ukiweka betri mpya kumi hazitasaidia.

Mahali ni wapi? Hapa ndo napenda sana hii kazi, juu multimita inakuonyesha kidole. Weka waya moja ya multimita upande mmoja wa swichi ya pedali na ingine upande wa pili, gari ikiwa inaenda. Swichi nzima inasoma karibu sifuri, tuseme 0.05. Iliyochomeka inasoma 0.8, 1.2, hata zaidi. Fanya hivyo kwa kila kiungo, kwa ile swichi ya mbele na nyuma, kwa kila mahali waya inachomekwa. Pale namba inaruka ndio pamechomeka. Saa zingine hata hauhitaji kupima, mpira wa ile terminali, kile kichwa cha chuma mwisho wa waya, umekuwa kahawia na ukiivuta inatoka bila kushikilia, ile chuma imepoteza nguvu ya kubana.

Kabla hujashika waya hata hivyo angalia magurudumu, watu wanaruka hii. Chomoa betri, inua nyuma, zungusha kila gurudumu kwa mkono. Yanafaa kusumbua sawasawa. Likiwa moja ni gumu zaidi, fungua utakuta nyuzi za mkeka, nywele za watoto, na murram ya huko kwenu imejisokota kwa ekseli. Ukisikia krr krr kuna meno ya gia yamelika. Mota inayosukuma kitu kimekwama inakula stima mara kadhaa ya kawaida, na hiyo pia ingefanya kile kikitu cheusi kikate.

Na kuna ujanja mmoja wa kujua kama mota moja imekufa bila kufungua chochote, ikiwa jeep yako ina kile kibatani cha mwendo mdogo na mkubwa. Kwa nyingi za aina hii isiyo na bodi, mwendo mdogo unapitisha stima kwa mota ya kwanza ndo iende ya pili, kila moja inapata volti 6. Mwendo mkubwa kila mota inapata 12 zake. Kwa hivyo mota moja ikikatika ndani, kwa mwendo mdogo gari haisongi kabisa, kwa mkubwa inaenda lakini gurudumu moja tu ndo linasukuma na gari inavuta upande. Ukiona hivyo umeshapata jibu. Toa mota, ni skrubu mbili tu kwa giaboksi, ipe betri moja kwa moja ikiwa haina mzigo kupitia fyuzi, linganisha na mwenzake kwa sauti, kwa kasi na kwa harufu. Usijisumbue kupima omu, yaani vile mota inazuia stima, ziko chini sana kwa hizi mota, hiyo multimita yetu haioni tofauti.

Haya, waya. Nitakupigia hesabu ndo ujue mbona nakuambia ubadilishe. Waya ya shaba ya milimita mraba 0.75, ambayo ndio saizi utakuta kwa nyingi, ukihesabu kutoka betri mpaka mota na kurudi ni kama mita tatu. Ikibeba ampea 20, na mota mbili na mtoto mzito kwa mlima zinafika hapo, inameza kama volti 1.4 yenyewe tu. Ukiweka ya milimita mraba 2.5 inameza kama 0.4. Hiyo volti moja umeokoa inaenda kwa magurudumu badala ya kuchoma plastiki.

Nunua ile laini yenye nyuzi nyingi ndani. Ile ngumu ya nyuzi moja ya kuweka ndani ya ukuta inakatika ikitikiswa. Alafu ukiwa bado kwa duka kwaruza uzi mmoja na wembe. Ukiwa mwekundu mpaka ndani ni shaba. Ukiwa mweupe ndani ni aluminiamu imepakwa shaba juu, na hiyo inazuia stima zaidi ya mara moja na nusu ya shaba. Kwa macho zinafanana kabisa. Mwenye duka atakuambia ni sawa tu, wewe kwaruza.

Piga picha ya kila kitu kabla ya kuchomoa hata waya moja, na kila waya uiandikie kwa kipande cha masking tepu. Ile swichi ya mbele na nyuma ina miguu sita na waya zinavukana, ukiichanganya utatengeneza shoti yako mwenyewe. Badilisha moja moja, toa ya zamani weka mpya palepale, using'oe zote ukabaki na rundo mezani. Ukikata waya ya zamani karibu na mahali paliungua utaona shaba imekuwa nyeusi ndani ya mpira, endelea kukata mpaka ing'ae, nyeusi haishiki solda na haibanani vizuri. Terminali zibane na koleo lake la kazi hiyo, usitumie plaizi wala meno. Solda peke yake inafanya waya iwe ngumu pale inapoishia, na kwa murram inakatikia hapo hapo. Bana vizuri, funika, alafu ifunge waya kwa mwili wa gari isicheze.

Halafu pedali. Usinunue tu swichi ingine kama ile, itachomeka tena kabla ya Krismasi. Weka rele ya gari, yaani swichi inayowashwa na stima ndogo ndo ipitishe stima kubwa, ile ya volti 12 ya taa ama honi, ampea 30 ama 40, ya pini 5, ukiwa bado hapo Kirinyaga Road. Chini yake imeandikwa namba: 30, 85, 86, 87 na 87a. Nyekundu kutoka kwa fyuzi inaingia 87. Kutoka 30 inaenda kwa swichi ya mbele na nyuma, kisha mota. Sasa pedali inabaki na kazi ndogo tu, stima inatoka kwa fyuzi, inapitia swichi ya ufunguo, inapitia pedali, inaingia 86, na 85 inarudi kwa waya nyeusi ya betri. Hapo pedali inabeba kama ampea 0.15 badala ya 20, hiyo cheche imekufa. Weka dayodi, kile kidude kinapitisha stima upande mmoja tu, ya 1N4007 kati ya 85 na 86, ule mstari mweupe uangalie 86, juu rele ikizima inarudisha teke la stima na hiyo dayodi ndio inalimeza.

Angalia kama pedali yako ya zamani ilikuwa na waya tatu. Ya tatu ndio breki: mtoto akitoa mguu inaunganisha pande mbili za mota pamoja na gari inasimama badala ya kuteleza. Fundi wengi wanaikata wakiona haina kazi. Usiikate, hiyo unaileta 87a, na swichi ya pedali unabaki kutumia miguu miwili tu. Kwa uwanja wenye mteremko hiyo waya ni ya maana kuliko redio na taa zote za hiyo jeep.

Ukimaliza weka matofali chini, magurudumu ya nyuma yawe hewani, ndo ukanyage. Mota zimeangaliana, kwa hivyo gurudumu moja likienda mbele na lingine nyuma hauna kosa kubwa, geuza waya mbili za mota moja tu. Ukiijaribu ikiwa chini na ziko hivyo zitavutana na fyuzi itakatika.

Betri nazo nikuambie kwa nini zako mbili zilikufa, na hapa sihitaji kuona kitu. Unakodisha Jumapili mpaka gari ikatae kutembea, unaenda nyumbani umechoka, unachaji Ijumaa. Hizi ni betri za risasi na asidi, zikikaa tupu siku tano ndani kunajengeka chumvi ngumu kwa bamba zake na hazirudi tena. Chaji Jumapili hiyo hiyo usiku. Na gari ikianza kuenda pole pole mtoe mtoto, badilisha betri, usikamue mpaka mwisho. Kwa biashara yako betri mbili kwa kila gari ni akiba, juu ampea saa 7 ikibeba ampea 15 mfululizo haimalizi hata nusu saa.

Soma pia ubavuni mwa betri, imeandikwa chaja isizidi ampea ngapi, kwa ya 7 nyingi ni kama 2.1, na volti za kuchaji za matumizi ya kila siku ni 14.4 mpaka 15.0. Kijana wa kuchaji betri za matatu asikuwekee kwa mashine yake, itavimba. Ukinunua mpya ipime hapo dukani, ikisoma chini ya 12.4 imekaa sana kwa shelfu, iache. Na ibebe. Ya kweli ya 12V 7Ah ni kilo mbili kwenda mbili na nusu hivi, risasi haiwezi kuwa nyepesi. Mizani ya mama wa nyanya inatosha kukuambia ukweli. Zile mbili zilizokufa usizivunje wala usiwaachie watoto wachezee, peleka kwa wanaonunua betri kuukuu. Watu wa Owino Uhuru huko Mombasa, walioishi karibu na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, wanajua hiyo risasi inafanya nini ikiingia kwa damu ya mtoto.

Najua kuna mtu atakuambia uweke betri ya drili ya volti 18 ndo jeep ikimbie na wateja waje. Kataa. Gia ni za plastiki na zimepimiwa 12, mota itazunguka mara moja na nusu, na breki ya hiyo jeep ni mguu wa mtoto wa miaka minne.

Kwa hivyo usinunue betri bado. Weka fyuzi, pima, alafu nitumie namba tatu: betri ikiwa imelala, betri ikiwa na jerikeni juu ya kiti, na ile ya kwa mota jerikeni ikiwa bado hapo. Kwa hizo tatu nitakuambia kama ni pedali peke yake ama tunavua gari yote waya.